Jenerali von Lettow-Vorbeck na Sisi wa Kasigau

Kila mwaka katika jarida la chama chetu huwa tunasoma maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa. Tumesoma habari za washairi, za manabii na za wapigania uhuru. Safari hii zamu imeniangukia mimi, nami nimemchagua mtu ambaye bila shaka hamkumtarajia. Si Mtaita, si Mtaveta wala si Mswahili. Ni Mjerumani, tena askari. Jina lake ni Paul von Lettow-Vorbeck.

Najua wengine wataguna. Ati Mjerumani! Huyu ameishiwa na watu wa kuandika? Hapana, sijaishiwa. Wageni wanaokuja kutembelea Maktau, Mbuyuni, Salaita na Latema huja kwa sababu yake. Vitabu vingi vimeandikwa juu yake, na vingi humsifu kwamba hakushindwa vita. Sisi tuliozaliwa katika wilaya hii, ambayo leo ni kaunti, tunapita mahali alipopigana kila tunapopanda matatu ya Taveta, na bado wengi wetu hatujui alikuwa nani. Lakini ninayo sababu ya pili, nayo ndiyo kubwa zaidi. Mimi ni mtoto wa Kasigau. Vita vya mtu huyu ndivyo vilivyowatoa wazee wangu nyumbani kwao, na sitaki maisha yake yasimuliwe bila wao kutajwa. Wahenga walisema kwamba fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Basi leo nitawaeleza habari za fahali mmoja, nanyi mtaniruhusu niziseme na za nyasi.

Kabla sijamleta bwana huyu, hebu kwanza tuutazame mpaka, maana bila mpaka asingefika kwetu.

Hapo zamani mtu wa Taveta alikwenda Uchagani kununua ndizi, na Mpare akavuka kuja Taveta sokoni, na hakuna aliyeulizwa karatasi. Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani mmoja, Carl Peters, alipita Usagara na nchi jirani akiwatia saini wenyeji mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Wajerumani wakadai nchi. Waingereza nao wakadai yao. Tarehe 1 Novemba 1886 serikali hizo mbili zikapatana. Zilichora mstari kutoka mlango wa mto Umba, karibu na Vanga, hadi ziwa Jipe, ukavuka mto Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka hadi ziwa Nyanza. Mwaka 1890 wakapatana tena, na mstari ukaendelea mbele ya ziwa hadi Kongo.

Nyote mmeisikia hadithi kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm, mlima Kilimanjaro uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tamu, lakini si kweli. Wilhelm alitawazwa kuwa Kaiser mwaka 1888, na mstari ulikuwa umekwisha kuchorwa miaka miwili nyuma. Mlima haukuwa zawadi. Ulikuwa sehemu ya mapatano ya watu waliokaa mbali sana, na wenyewe walioishi chini yake hawakuitwa barazani.

Mpaka ule ulianza kuwahamisha watu mapema. Mwaka 1892, baada ya Wajerumani kupigana na Wachaga wa Moshi, wamishonari wa Kiingereza waliokuwa wakifundisha huko walilazimika kuondoka. Wakavuka mpaka wakaja Taveta, wakajenga kituo chao Mahoo. Hao walikuwa Wazungu, tena wachache, na walikuwa na mahali pa kwenda. Basi tukumbuke kwamba mstari uliochorwa kwa wino umekwisha kuwatoa watu nyumbani kwao hata kabla ya vita.

Sasa tumwendee Lettow-Vorbeck.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, Ujerumani, katika ukoo wa watu wa jeshi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, naye akaingia shule za kijeshi tangu utotoni. Mwaka 1900 alipelekwa Uchina, ambako majeshi ya nchi za Ulaya na nyingine yalikwenda kuwazima Wachina waliowaasi wageni. Huko alijionea jinsi vita vidogovidogo vya kuvizia vinavyoweza kulisumbua jeshi kubwa.

Mwaka 1904 alipelekwa Afrika ya Kusini-Magharibi, nchi ambayo leo ni Namibia. Waherero walikuwa wameasi kwa sababu ya ardhi na ng'ombe wao. Kamanda wa Wajerumani alikuwa Jenerali Lothar von Trotha, na Lettow-Vorbeck alikuwa afisa katika ofisi yake. Von Trotha aliwafukuza Waherero, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaingia katika jangwa la Omaheke, na visima vikazibwa njia. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa kiu. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani yenyewe ilitamka kwamba jambo lile lilikuwa mauaji ya kimbari. Wanaomsifu Lettow-Vorbeck huipita habari hii haraka haraka. Mimi siwezi kuipita. Kabla hajaiona Taveta, alikuwa amekwisha kuona watu wazima wakiondolewa katika nchi yao na kutupwa penye ukame, naye alikuwa mmoja wa maafisa wa jeshi lililofanya hivyo. Huko huko alijeruhiwa jichoni, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1914 aliletwa kuwa kamanda wa jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki. Ndani ya meli alikutana na mwanamke Mdenmarki aliyekuwa akija Kenya kuolewa. Mwanamke huyo ni Karen Blixen, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri na ambaye mtaa wa Karen jijini Nairobi unahusishwa na jina lake. Wakawa marafiki. Bibi alishuka Mombasa, bwana akaendelea hadi Dar es Salaam. Miezi michache tu baadaye nchi zao mbili mpya zilikuwa vitani.

Jeshi alilolikuta lilikuwa dogo: Wajerumani kiasi cha 260 na askari Waafrika wapatao 2,500. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwezi wa Agosti 1914, gavana wa koloni, Heinrich Schnee, hakutaka vita vipiganwe Afrika. Lettow-Vorbeck hakukubaliana naye. Hesabu yake ilikuwa hii: yeye hawezi kuwashinda Waingereza wote, lakini akiwachokoza bila kupumzika, watalazimika kuleta majeshi mengi Afrika, na majeshi hayo hayatakwenda Ulaya kupigana na ndugu zake. Kwa maneno mengine, nchi yetu ilikuwa chambo tu. Samaki aliyetakwa alikuwa Ulaya.

Na pa kuchokoza palikuwa wapi? Papa hapa kwetu! Reli ya Uganda ilipita Voi, na kutoka Voi hadi mpakani ni kilomita zipatazo 110 tu. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Aliyeongoza kikosi hicho alikuwa Tom von Prince, yule ambaye wenyeji wa Tanganyika walimwita Bwana Sakarani. Taveta ikawa mji wa kwanza wa Kenya kukaliwa na adui. Lettow-Vorbeck akaweka makao yake Moshi.

Mwezi wa Novemba Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi ili wateke Tanga. Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000. Akawasafirisha kwa reli kutoka Moshi, akawapiga Waingereza hata wakarudi melini, wakaacha bunduki na risasi nyingi ufukoni. Hata nyuki waliingia katika vita ile, wakawauma watu wa pande zote mbili. Von Prince alikufa hapo Tanga. Lakini jina la kamanda wake likavuma.

Baada ya Tanga, Lettow-Vorbeck aliigeukia reli. Alituma vikosi vidogo vya watu wachache kuvuka nyika na kutega baruti chini ya reli. Wenzangu mnaoijua nyika yetu mnajua maana yake. Ni miiba, ni simba, ni jua, na maji hakuna. Wengine walikufa kwa kiu kabla ya kuona hata moshi wa treni. Lakini wengine walifika, na treni zikaanguka. Waingereza nao wakaanza kujenga reli yao ya vita kutoka Voi kwenda Maktau mwaka 1915, na maji wakayaleta kwa mabomba kutoka milima ya Bura. Ile njia ya reli ya Voi hadi Taveta mnayoiona ina asili yake hapo. Haikujengwa ili tusafirishe nyanya na ndizi. Ilijengwa ili ibebe bunduki.

Sasa tumefika Kasigau.

Kwa wale ambao hamjafika kwetu, Kasigau ni mlima unaosimama peke yake nyikani, kusini mwa Voi. Juu yake pana msitu wa ukungu, na kutoka msituni huteremka maji. Chini yake, ukiuzunguka mlima, kuna vijiji vyetu: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Katika nyika isiyo na maji, mlima wenye maji ni hazina, na hazina huita wezi. Aliyetaka kuishambulia reli kutoka mpakani alilitaka neno moja tu: maji. Aliyetaka kuilinda reli, naye aliyataka hayo hayo. Waingereza wakaweka kambi pale. Mwaka 1915 askari wa Lettow-Vorbeck wakavuka nyika, wakaishambulia kambi hiyo na kuiteka.

Waingereza walikasirika. Wakauliza, adui amejuaje njia? Wakaamua kwamba wenyeji ndio waliomwongoza. Hapakuwa na kesi ya mtu mmoja mmoja kwamba fulani amefanya hili na fulani hakufanya. Wote walitiwa hatiani. Nyumba zilichomwa moto, na watu wa Kasigau, wazee kwa watoto, wakatolewa mlimani wakapelekwa Malindi.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu wa mlimani aliyezoea baridi na maji ya chemchemi anapelekwa pwani penye joto na malaria, bila shamba, bila mbuzi, bila nyumba. Wengi walikufa huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakurudishwa vita vilipokwisha. Walikaa mbali na mlima wao kwa muda wa miaka kiasi cha 20, hadi miaka ya 1930 ndipo waliporuhusiwa kurudi nyumbani.

Nyanya yangu alitusimulia kwamba mama yake alizaliwa uhamishoni. Akakua akisikia habari za mlima ambao hajauona. Siku waliporudi, yeye hakuwa akirudi, alikuwa akienda. Alionyeshwa mahali akaambiwa hapa ndipo kwetu, naye akaona vichaka tu. Nyanya alisema mama yake alipenda sana kutaja kwamba wazee waliotangulia walijua kila mti, lakini yeye alilazimika kufundishwa nyumbani kwake kama mgeni. Maneno hayo hunijia kila ninapousoma ujasiri wa jenerali huyu.

Je, waliongoza njia kweli? Swali hili watu hulipenda. Mimi najibu hivi. Anapokuja mtu mwenye bunduki mlangoni pako akakuuliza maji yako wapi, utamwambia hujui? Na kesho akija mwingine mwenye bunduki na bendera tofauti, huyo utamjibu nini? Mpaka ulichorwa bila wao, vita vilitangazwa bila wao, halafu wakatakiwa wawe na upande. Asiyekuwa na bunduki atachagua upande gani mbele ya watu wawili wenye bunduki?

Basi turudi kwa jenerali. Tarehe 12 Februari 1916 Waingereza waliushambulia mlima mdogo wa Salaita, kilomita chache kutoka Taveta. Walioongoza shambulio walikuwa askari Wazungu kutoka Afrika Kusini, waliokuja wakiwadharau askari Waafrika wa Lettow-Vorbeck. Ama kweli, dharau si jambo zuri. Walipigwa wakarudi nyuma mbio, na waliowaokoa wasimalizwe walikuwa askari Wabaluchi kutoka Bara Hindi. Siku chache baadaye akaja kamanda mpya wa Waingereza, Jan Smuts. Akaleta majeshi mengi, akaizunguka Salaita, na mwezi wa Machi Wajerumani wakaiacha Taveta. Walipigana usiku kucha katika vilima vya Latema na Reata, kisha wakarudi Moshi, na Moshi nayo ikaanguka. Tangu hapo Lettow-Vorbeck hakurudi kwetu tena.

Lakini hakukamatwa. Alirudi nyuma polepole, akipigana na kukimbia, akipigana na kukimbia, kutoka Pare hadi Morogoro, kutoka Rufiji hadi Lindi. Mwezi wa Oktoba 1917 alipigana vita vikali Mahiwa, na Waingereza wakapoteza watu wengi sana. Mwezi wa Novemba akavuka mto Ruvuma, akaingia Msumbiji, nchi ya Wareno, akawa anaishi kwa chakula na risasi anazoziteka. Mwaka 1918 akarudi Tanganyika, kisha akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko ndiko alikoipata habari kwamba Ujerumani imekwisha kusalimu amri. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya, alizitoa silaha zake Abercorn, mji ambao sasa huitwa Mbala. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100 waliomfuata hadi mwisho.

Hapo ndipo sifa zake zinapoanza. Na kusema haki, alikuwa kamanda hodari. Alijua kutembea, kuvumilia na kutumia kidogo alichonacho. Askari wake walimheshimu, na alijifunza Kiswahili ili aongee nao. Simnyimi hayo, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Lakini jeshi linalotembea miaka minne hula nini, na nani hubeba mizigo yake? Chakula kilichukuliwa ghalani mwa watu wa kila nchi aliyopita, na Waingereza waliomfuata nyuma walichukua kilichobaki. Huko Ugogo ilifuata njaa kubwa ambayo wenyeji waliiita Mtunya, na maelfu ya Wagogo wakafa. Mizigo ilibebwa na wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi wanaokadiriwa kufika karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara, homa na njaa, si kwa risasi. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na wenzetu wakalitamka Kariakoo. Sisi wanachama wa Kiswahili tunapenda asili ya maneno, basi kumbuka kwamba ukinunua viatu Kariakoo ya Dar es Salaam au ukila nyama choma Kariokor ya Nairobi, unataja jina la wapagazi hao. Watu wengi wa Taita na Taveta walikuwa miongoni mwao.

Lettow-Vorbeck alirudi Ujerumani mwaka 1919, akapita Berlin amepanda farasi huku watu wakimshangilia. Nchi nzima ilikuwa imeshindwa, na yeye alikuwa kamanda pekee ambaye wangeweza kumwita asiyeshindwa. Mwaka 1920 alijiunga na maafisa waliojaribu kuipindua serikali, jaribio likashindwa, akatolewa jeshini. Akaandika vitabu vya kumbukumbu zake. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge. Hitler alipotawala alitaka kumpeleka London awe balozi, naye akakataa. Wanawe wawili wa kiume walikufa katika Vita Vikuu vya Pili, na vita hivyo vilipokwisha alikuwa maskini. Smuts, adui yake wa Salaita na Latema, ni mmoja wa waliompelekea chakula. Mwaka 1953 alirudi Dar es Salaam akiwa mzee, na askari wake wa zamani wakamlaki kwa nyimbo. Alikufa Hamburg tarehe 9 Machi 1964, akiwa na umri wa karibu miaka 94.

Mwaka huo huo bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wake Waafrika waliokuwa bado hai mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita. Ilikuwa haki yao. Lakini tazameni nani aliyekuwamo katika hesabu hiyo na nani hakuwamo. Mwenye bunduki alilipwa. Mwenye nyumba iliyochomwa hakuwa katika orodha ya Mjerumani, kwa sababu aliyemchomea alikuwa Mwingereza. Na kwa Mwingereza alikuwa msaliti, kwa sababu Mjerumani alipita kwake. Mambo ya kuchekesha hayakosi pia: kuna hata dinosaria ambaye mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, karibu na Lindi, akapewa jina la Lettow-Vorbeck. Mnyama aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita amepewa jina la jenerali, na waliokufa Malindi juzi tu hawana hata jiwe la kuandikwa majina yao.

Ndugu zangu, sisemi tumchukie. Mtu aliyekufa zamani hamdhuru mtu. Huko kwao Ujerumani wenyewe wamekwisha kuanza kumpima upya, na barabara na kambi kadhaa zilizokuwa na jina lake zimepewa majina mengine. Sisemi pia kwamba yeye ndiye aliyezichoma nyumba za Kasigau. Waliozichoma ni maadui zake. Ninalosema ni kwamba mtu anaposifiwa kwa kucheza vizuri, tuulize alichezea uwanja wa nani. Alituchokoza ili awavute Waingereza, wakavutwa, nao wakatulipiza sisi. Yeye akawa shujaa asiyeshindwa. Sisi tukashindwa mara mbili, bila kupiga risasi hata moja.

Mpaka ule bado upo. Baada ya vita Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, kwa hivyo pande zote mbili zikawa chini ya bendera moja, na mstari haukufutwa hata hivyo. Leo unagawa Kenya na Tanzania, mabasi yanasimama Taveta na Holili, na watu wanaonyesha vitambulisho. Mama wa Taveta anasalimiana kwa Kichaga na dada yake wa Himo. Damu haikukubali kuchorwa mstari, ingawa ardhi ilikubali.

Ninalo ombi moja kwa chama chetu. Makaburi ya askari wa vita ile yaliyoko Voi, Maktau na Taveta yanatunzwa vizuri, nyasi zimefyekwa na kila jiwe lina jina. Hilo ni jambo jema. Lakini majina ya watu waliotolewa Kasigau yamo vichwani mwa wazee tu, na wazee wanaondoka mmoja mmoja. Nyanya yangu aliyekuwa akinisimulia haya ameshatutoka. Tunavyo kalamu na daftari, tunayo lugha ambayo kila kijiji cha hapa kinaielewa. Likizo ijayo kila mwanachama anayetoka Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule au Kiteghe amwendee mzee mmoja, amuulize nani wa ukoo wake alikwenda Malindi na nani alirudi. Walio na jamaa Taveta nao waulize habari za mwaka 1914. Mwalimu wetu mlezi akikubali, toleo lijalo la jarida hili tuchapishe majina hayo, hata yakiwa kumi tu.

Jenerali von Lettow-Vorbeck ana vitabu vya kutosha. Mimi nimemwongezea kurasa hizi chache ili nipate nafasi ya kuwataja wenyewe. Mkiniona uwanjani msiniite Mjerumani.